Picha Bila Neno

Nchi yetu ina adabu kuliko nchi zote duniani. Asiyeamini angekuja aone tulivyomlilia mjomba wangu Ngwali huku mwenyewe kakaa kwenye kigoda, anapuliza chai ipoe.

Nchi yenyewe inaitwa Jamhuri ya Tumepokea. Usijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Wachora ramani walitufuata wee, wakituuliza mipaka yetu iko wapi, kila wakiuliza serikali inawajibu "tumepokea", mwisho wakachoka wakapaka bluu ya bahari wakaenda zao.

Rais hatuna. Tunaye Admini Mkuu. Kila alfajiri anaandika kwenye Grupu la Taifa, "Habari za asubuhi, wananchi wangu," na nchi nzima inatakiwa iwe imemjibu kabla uji haujapoa. Usipojibu umedharau. Ukidharau unabebwa hadi Kituo cha Radhi, unakalishwa kwenye benchi unaandika "samahani" mpaka kidole gumba kivimbe. Kuna kinyozi wa mtaani kwetu alitoka kule hawezi hata kufunga vifungo vya shati lake. Mpaka leo mkewe ndiye anamfunga, na anamfunga kwa hasira.

Ingekuwa grupu moja tu, wallahi tungevumilia. Lakini kuna la mkoa, la mtaa, la mtaro, la taka, la waliohamia, na la wale ambao hawakuhamia lakini waliwahi kufikiria. Mtu anakaanga kitunguu huku anatoa pole, anaoga huku anatoa hongera, akitoka bafuni anakuta wamefiwa watu wengine watatu. Ndiyo watu wakaanza kukata maneno. Shikamoo ikawa *sh*. Marahaba ikawa *m*. Na ile "pole sana, Mungu awatie nguvu", ambayo bibi zetu walikuwa wanaisema wamekushika mikono yote miwili, ikawa *p*. Herufi moja, tena ndogo. Hata nukta hawaweki.

Nilidhani serikali itakasirika. Thubutu! Waziri wa Adabu na Majibu, Mheshimiwa Majura, alisimama uwanjani akatuhutubia, jasho linamtiririka kwa furaha.

"Ndugu wananchi! Adabu ni kasi! Anayesoma kwanza, anachelewa kujibu. Anayechelewa kujibu, amedharau. Kwa hiyo anayesoma, amedharau!"

Watu wakashangilia sana. Yaani hawakupiga kelele, walituma vile vipicha vya mikono inayopiga makofi. Uwanja mzima kimya, unasikia simu tu, ting, ting, ting, kama mvua ya kwanza juu ya bati.

Mimi shule niliachia kidato cha pili, kwa hiyo labda kuna kitu kilinipita.

*

Mjomba Ngwali ni fundi feni. Na kwa joto la kwetu, fundi feni anajulikana kuliko mbunge. Miaka yote hakuoa, alikuwa anasema feni zinamtosha kwa kelele. Halafu siku moja Bi Zuwena, yule mpishi wa shughuli, akamletea feni iliyoungua. Wakabishana nani kaiunguza. Feni ikapona, wao wakaendelea kubishana.

"Chande, mpwa wangu," mjomba akaniambia, "yule mwanamke ananiuliza maswali. Nikikohoa anauliza nimekula nini. Nikinyamaza anauliza nawaza nini. Unajua ni lini mtu kaniuliza kitu akangoja jibu?"

"Sijui mjomba."

"Na mimi sijui. Namuoa."

Ndoa ikapangwa Jumamosi. Mimi kazi yangu ni maturubai na viti vya kukodi, harusi na misiba, turubai ni lile lile, kinachobadilika ni kitambaa. Nikamwekea mjomba lile zuri, jeupe, lisilo na kiraka.

Siku chache kabla ya harusi, mjomba akaenda kuchukua suti kwa fundi cherehani. Akaivaa, akasimama mlangoni kwake, jua linampiga mgongoni, akajipiga picha. Picha ilitoka nzuri vibaya mno. Kichwa kimezungukwa na mwanga. Uso mpole. Macho yanatazama juu, kwa sababu alikuwa anaangalia kama buibui aliyekuwa kwenye fremu ya mlango ameondoka. Akaituma kwenye grupu la mtaa ili watu waione suti.

Akaituma bila neno.

Sasa wewe mgeni hujui. Kwetu ukituma picha ya mtu bila neno, mtu huyo amekufa. Hakuna aliyelipanga hilo, ni uvivu tu. Zamani watu waliandika, "Tumempoteza ndugu yetu fulani, mwana wa fulani, maziko saa kumi." Wakaona ndefu, wakakata mwana wa fulani. Wakakata maziko. Wakakata ndugu. Mwisho ikabaki sura. Mjomba analijua hilo kama mimi ninavyolijua, ila furaha ya suti ilimpanda kichwani.

"Picha si inajieleza?" aliniambia baadaye.

Ndiyo mjomba. Ilijieleza.

Wa kwanza kujibu alikuwa Mama Sikitu, jirani yake ukuta kwa ukuta. Huyo mama kwenye kutoa pole hajawahi kutanguliwa na mtu, hata wafiwa wenyewe huwa anawazidi mbio. Akaandika *p*. Chini yake wakafuata wengine, *p*, *p*, *p*, kama kunguru kwenye waya. Anayeandika hatazami picha, anatazama aliyeandika juu yake.

Tulikuwa tumekaa uani, mimi na mjomba, na chai yetu.

"Chande, mbona wananipa pole? Suti mbaya?"

Nikachungulia. "Suti nzuri mjomba. Umekufa."

"Nimekufa?"

"Hukuweka neno."

"Lakini si nakunywa chai hapa!"

"Wao hawaioni chai, mjomba."

Akaweka kikombe chini, akaandika kwa kidole cha shahada, pole pole, kama mtu anayetoa mwiba: *Jamani mimi ni mzima. Niko nyumbani. Hii ni suti ya harusi yangu.*

Majibu yakaja. "Amina." "Amina." "Amina." Mmoja akaweka mshumaa. Mwingine akaandika, "Tulikupenda ila Mungu kakupenda zaidi," huyo alijitahidi, sema hata yeye alinakili kwenye msiba wa juzi, jina la yule bibi wa juzi bado liko mwishoni.

Mjomba akaandika tena, kwa herufi kubwa. Wakaweka mishumaa zaidi. Nadhani waliona herufi kubwa wakafikiri ni uchungu.

Halafu simu ikamwandikia: *Umeondolewa.* Sheria inasema mtu akipewa pole na nusu ya grupu, ni marehemu kamili, na marehemu hawi mwanachama. Akatolewa la mtaa, akatolewa la mkoa, la mtaro, la taka, mpaka la Taifa, moja baada ya jingine, simu inatetemeka mkononi kama ina homa. Kisha ikanyamaza.

*

Tukamfuata Mama Sikitu. Alikuwa anakaanga samaki, simu kaibana kati ya bega na sikio ingawa haongei na mtu, ndivyo alivyozoea.

"Shikamoo Mama Sikitu," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Jamani Chande, pole na mjomba wako, alikuwa mtu wa watu." Akageuza samaki. Akamuona mjomba. "Ee, Ngwali. Karibu. Pole na wewe."

"Pole ya nini, Mama Sikitu? Mimi si huyu hapa?"

"Nakuona."

"Asubuhi si umeniazima chumvi?"

"Nimekuazima, na chombo changu hujarudisha."

"Sasa mbona umesema nimekufa?"

"Sijasema umekufa, we Ngwali! Nimesema pole. Mtu akisema pole ni kosa?"

"Basi ifute."

Mama Sikitu akaacha samaki. Alimtazama mjomba kama amemwambia avue gauni.

"Nifute pole? Mimi? Watu wakiona nimefuta watasemaje? Kwamba Mama Sikitu hana huruma na wafiwa?"

"Hakuna wafiwa, mama!" nikamwambia. Nilikuwa nimeshachemka. "Hakuna msiba! Hukuuliza hata kuna nini!"

"Chande, punguza sauti, hapa pana msiba."

Tukazunguka mtaa mzima, ni hivyo hivyo. Kila mlango wanamuona, wanamkaribisha, mmoja kampa kiti, mwingine kamletea feni amtengenezee kabisa, marehemu akaitengeneza. Lakini kufuta hakuna anayekubali. Mmoja mmoja wote wanajua yuko hai. Wakiwa grupu, amekufa. Nilitamani nivunje kitu.

Kilichomuuma mjomba zaidi kilikuwa kwa Bi Zuwena. Tulimkuta jikoni kwake anakanda unga wa maandazi, mikono mieupe mpaka kwenye viwiko.

"Ngwali!" akasema kwa furaha. "Vipi suti, imekukaa?"

"Kwani hukuiona? Niliituma kwenye grupu la mtaa."

"Suti? Sijaona suti."

Nikamwonyesha kwenye simu yangu. Akaitazama ile picha, akashuka chini, akashuka tena, kwenye ule msululu wa *p*. Akasimama. Mimi na mjomba tukaona alichokiona. Jina lake. Alikuwa wa saba kutoka juu.

"Hata wewe?" mjomba akasema.

"Ngwali, mikono ilikuwa na unga. Simu ililia, nikabonyeza kwa pua."

"Kwa pua."

"Sikuangalia ni nani! Niliona wenzangu wametoa pole, nami nikatoa pole."

"Wewe, Zuwena, unayeniuliza nimeota nini. Unaona sura yangu bila neno, huulizi kuna nini?"

Bi Zuwena akataka kumshika, akakumbuka unga, akabaki na mikono hewani. Mjomba akatoka nje. Sikuwahi kumuona mjomba analia, na siku hiyo pia sikumuona, kwa sababu aligeukia ukutani akajifanya anakagua nyaya.

*

Ndoa za kwetu zinasajiliwa na Idara ya Uhai, Ndoa na Majibu. Afisa wake anaitwa Bwana Lukombe, amekaa nyuma ya kioo, na juu ya kioo wamebandika: USISEME. ANDIKA.

"Shikamoo mzee," nikaanza. "Mjomba wangu huyu hapa..."

Akaninyooshea kidole kwenye lile bango. Basi nikatoa simu, nikamwandikia, na tumeachana kwa upana wa kioo tu: *Shikamoo. Mjomba wangu Ngwali ameandikwa marehemu kimakosa. Yuko hai. Nimesimama naye hapa mbele yako. Jumamosi anaoa. Tunaomba arudishwe.*

Simu yake ikalia, ting. Hakuishika hata. Akagusa kioo cha simu yake mara moja, yangu ikalia, kipicha kimeingia. Kidole gumba.

"Ndiyo nini hii?" nikasema kwa mdomo.

Akaninyooshea bango.

Nikaandika: *Ndiyo nini hii?*

Ting. Kidole gumba.

Mjomba uvumilivu ukamwisha, akapiga kioo kofi. Bwana Lukombe akaruka, na kwa mshtuko akaongea. Alikuwa na sauti nyembamba, ya mtu ambaye haitumii.

"Marehemu! Tafadhali tulia!"

"Unanisikia kumbe! Mimi ni marehemu? Marehemu anapiga vioo?"

"Mzee wangu, mimi kama mimi nakuona. Lakini mimi hapa siko kama mimi." Akaona ameshaanza, akaendelea. "Utaratibu upo, na ni rahisi. Uliuawa kwa pole, unafufuliwa kwa hongera. Nusu ya grupu wakikupa hongera ya kuwa hai, umerudi. Tuma ombi kwenye grupu."

"Nimetolewa kwenye grupu."

"Ndiyo. Kwa sababu ni marehemu."

"Nitalituma mimi," nikasema.

Nikaandika pale pale, nikasimama nimeinama juu ya simu kama naswali: *Ndugu zangu, mjomba Ngwali yuko hai kabisa. Naomba kila mmoja aandike hongera.* Nikaweka na picha yake akiwa na mimi na kioo cha Bwana Lukombe kwa nyuma, ili waamini.

Wakaona picha ya Ngwali. *p*. *p*. *p*.

Wachache walitazama vizuri kidogo, wakaona na mimi nimo. Wakaandika *pp*.

"Hizo zinahesabika kama nyongeza," Bwana Lukombe akasema kwa masikitiko. "Sasa amekufa zaidi."

"Na Jumamosi?" mjomba akauliza. Alikuwa ameshika ukosi wa suti kama mtu anayeshikilia usafiri wake. "Bibi harusi yupo. Pilau limeagizwa. Mimi nina miaka hamsini na kitu, bwana, sina Jumamosi nyingi za kuchezea."

"Marehemu hawezi kumuoa aliye hai. Ni kifungu." Akafikiri. "Ila msifadhaike, maziko hayatakuwepo karibuni. Makaburi yako chini ya grupu la mkoa, na wao bado wanajibu salamu za mwaka juzi."

Akanisukumia kidole gumba kingine kwenye simu, na hicho nadhani kilikuwa cha upendo.

*

Kumbe huko juu walikuwa wanahesabu. Wizara ya Adabu iligundua kwamba tangu sheria ianze, hakuna mwananchi aliyepewa pole kwa kasi kama mjomba wangu. Mheshimiwa Majura akaamua aje mwenyewe kumuenzi, Jumamosi, pale pale kwetu.

Turubai langu jeupe nilikuwa nimeshalisimamisha alfajiri, na maua yake. Watu wa wizara hawakulihamisha. Walifunga tu kitambaa cheusi juu ya maua. Wageni wa harusi wakafika wamevaa vya harusi, wakakuta kitambaa cheusi, wakakaa. Hakuna aliyeuliza. Mama Sikitu alikuja na kanga ya harusi kwa ndani na ya msiba kwa nje, akawa anabadilisha kulingana na anayemtazama.

Mjomba alikaa mbele kabisa, ndani ya suti. Alikuwa amekuja kuoa.

Waziri akasimama. "Ndugu wafiwa! Ndugu Ngwali ametutoka. Lakini ametutoka kwa kasi! Alikuwa mwepesi wa kujibu, hakuwahi kutuchosha kwa maneno marefu. Hata kifo chake alikitangaza mwenyewe, kwa picha, bila neno hata moja. Huo ndio uzalendo!"

Ting, ting, ting, mikono ya makofi.

Mjomba akasimama. "Mheshimiwa, samahani. Mimi ndiye marehemu."

Waziri akamtazama kwa upole mkubwa, akaweka mkono kifuani.

"Pole sana," akasema. Akaendelea na hotuba.

Nilitaka kwenda kuling'oa turubai liwaangukie wote. Nilikuwa nimeshashika kamba. Ndipo Bi Zuwena akaingia.

Kavaa gauni la harusi, la rangi ya embe bivu, na mkononi ana mwiko, kwa sababu alikuwa ametoka kulifunika pilau mwenyewe, hakumwamini mtu. Hakumtazama waziri. Akaenda mpaka kwa Bwana Lukombe, aliyekuwa amekaa pembeni.

"We afisa. Kwa nini Ngwali asinioe leo?"

Bwana Lukombe akatafuta bango la kumnyooshea kidole, hakuliona, ikabidi ajibu. "Marehemu hawezi kumuoa aliye hai, mama. Kifungu."

"Na marehemu mwenzake?"

Bwana Lukombe akafungua mdomo. "Hapo... hapo sheria haijasema."

"Haijasema hapana?"

"Haijasema kitu."

Bi Zuwena akanigeukia. "Chande, nipige picha."

"Bi Zuwena..."

"Nipige, mwanangu, pilau linaungua."

Akasimama kwenye mlango wa turubai ambako jua linaingia. Akanyanyua macho juu. Nikampiga. Ilitoka nzuri, na mwanga wake, ila mwiko ulionekana kidogo kwenye kona.

"Itume. Na ole wako uweke neno."

Nikaituma. Turubai zima likalia, ting. Wote wakainama kwa pamoja, kama watu wanaoomba dua. Mama Sikitu akawa wa kwanza, bila shaka. Waziri naye hakuacha kuhutubia, mkono mmoja unapunga hewani kwa ajili ya taifa, mwingine uko chini ya meza unaandika *p*. Sentensi aliyokuwa ameianza Bi Zuwena yuko hai, aliimaliza Bi Zuwena ameshafariki.

Simu yake ikatetemeka, umeondolewa, umeondolewa, umeondolewa. Akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kunawia. Akatembea mpaka mbele ya mjomba, ambaye alikuwa bado amesimama na samahani yake haijapokelewa na mtu.

"Ngwali," akasema. "Kuna nini?"

Mjomba alichelewa kujibu. Kwa sheria za kwetu alichelewa sana, angeweza kufungwa.

"Kuna suti," akasema. "Uione."

"Naiona. Mkono wa kushoto mrefu."

"Ndivyo nilivyomwambia fundi!"

"Ulimwambia au ulinyamaza?"

Wakaanza kubishana pale pale, na Bwana Lukombe akawaozesha katikati ya ubishi. Kwenye cheti, pale pa jina la bwana na pa jina la bibi, alitanguliza "hayati". Waziri akawapa pole, wao wakasema asante.

*

Ndiyo shida ikaanza, maana marehemu wale walikuwa na raha isiyofichika. Alfajiri nchi nzima inaandika *njema*, wao wamelala. Mchana kila mtu kainama, wao wamekaa mlangoni wanaongea. Ukipita unasikia, "Umekula nini?" na unasikia jibu, refu, lenye mchuzi ndani. Watu wakaanza kupita pale bila safari. Wakaanza kusimama.

Yule kinyozi wa vifungo ndiye aliyetangulia. Alituma picha yake mwenyewe, bila neno, tulimpa pole mchana, jioni yuko mlangoni kwa mjomba anahadithia kilichompata kwenye lile benchi, kitu ambacho hakuwahi kuulizwa na mtu. Akafuata mkewe. Wakafuata wauza genge. Mama Sikitu alishindana na nafsi yake kwa muda, kwa sababu akifa nani atatoa pole? Mwisho akatuma picha yake, na kwa mazoea akawa wa kwanza kujipa pole.

Baada ya hapo nchi ilikufa haraka. Bwana Lukombe alituma picha yake akiwa nyuma ya kioo. Hata Mheshimiwa Majura tulimkosa. Wengine wanasema alikosea kubonyeza, wengine wanasema anaonekana kwenye kibanda cha kahawa mtaa wa pili, anasikiliza.

Mimi nilibaki. Mtu wa maturubai hafi hovyo, nilikuwa na kazi za watu. Ila kazi nazo zikaisha, maana waliokufa walikuwa wanakodi viti vya kukaa kuongea tu, na turubai hawataki, wanasema wanataka kuonana vizuri.

Leo asubuhi Admini Mkuu aliandika, "Habari za asubuhi, wananchi wangu." Nikajibu, *njema*. Nikangoja wengine. Hakuna. Nikaangalia wanachama wa Grupu la Taifa. Yeye. Na mimi.

Mchana nilikuwa nimealikwa kwa mjomba. Bi Zuwena ndiyo anapakua, mjomba ananisogezea kiti, simu ikalia mfukoni. Ni Admini Mkuu. Hajaandika habari za mchana. Katuma picha yake. Bila neno.

Nikaitazama. Mzee wa watu, kakaa peke yake mwisho wa meza ndefu, macho anayatazamisha juu. Kidole changu kilishasogea chenyewe kwenye *p*, wallahi, kilikuwa kinajua njia.

"Nani?" mjomba akauliza.

Nikamwonyesha. Akatazama muda mrefu.

"Muulize," akasema.

"Mjomba, huyu ndiye aliyetu..."

"Najua. Muulize."

Nikaandika, maneno mazima, na nukta nikaweka: *Shikamoo Mheshimiwa. Kuna nini?*

Juu ikatokea: *anaandika...* Ikapotea. Ikarudi. *Anaandika...* Bi Zuwena akaniwekea sahani mbele, mvuke unapanda, mimi nimeshika simu. *Anaandika...* Nikafikiri, huyu mtu ana mambo. Ana miaka ya mambo, hakuna aliyemuuliza. Nikaapa nitasoma yote, hata yakiwa marefu kama barabara ya kwenda mkoani, na pilau lipoe tu. *Anaandika...* Mjomba naye kaacha kula, anangoja na mimi.

Ting.

Kidole gumba.

Nikatafuta kwenye simu picha yangu nzuri, ile ya kwenye harusi, nimeshika kamba ya turubai na jua liko nyuma yangu. Nikaituma bila neno, nikaweka simu chini ya kiti, nikanawa.

Tonge la kwanza halijafika mdomoni, nikaisikia inalia huko chini. Sikuhitaji kuiangalia. Nusu ya grupu ilikuwa imeshajibu.